Marehemu wa Bunda

Mimi nauza chapati na maharage mlangoni pa ukumbi ule wa Mwisenge wanapochezea kendo, kwa hiyo habari zao zote ninazo, hata zile wasizotaka niwe nazo.

Mchezo wenyewe ni wa upanga, wa Kijapani. Aliuleta mtaalamu mmoja wa maji aliyekaaga hapa Musoma, akamfundisha Mwalimu Wenceslaus, naye akawafundisha vijana wetu. Sasa Wenceslaus anarudi kwao Butiama kuchunga ng'ombe wake, na mjini swali likawa moja tu: nani atakabidhiwa funguo za ukumbi?

Robi alizitaka funguo zile kuliko alivyotaka kuolewa, na mchumba wake analijua hilo. Huyu Robi anauza samaki pale Nyasho, mkono wake mzito, mdomo wake mwepesi. Kilichomnyima usingizi ni Gody, fundi simu, mwenzake wa siku nyingi darasani. Gody alikuwa ametangaza wazi kwamba akipewa funguo, mambo ya kale basi, yatabaki mashindano tu.

Mambo ya kale ni haya. Wawili wanashika panga za mti, hawavai kofia wala kinga ya kifua. Wanainamiana. Kila hatua inajulikana tangu mababu wa huko Japani: huyu anashambulia, yule anamkata. Hakuna pointi, hakuna mshindi. Na anayekatwa daima ni mwalimu. Niliwahi kumuuliza Wenceslaus, mbona wewe ndiye unayekufa kila Alhamisi?

"Mama Twalha," akanijibu huku anatafuna chapati yangu, "mwanafunzi atajifunzaje kukata kama mwalimu hataki kufa?"

Kwenye mashindano sasa, ni fimbo ya mianzi, kofia yenye nondo usoni, na waamuzi watatu wenye bendera. Ukigonga kichwa, mkono au ubavu kwa namna inayotakiwa, bendera juu. Mwenye pointi mbili kashinda.

"Huko ni kugongana kama watoto wanaogombea muwa," Robi akasema siku moja, mbele ya wote. "Fimbo ile ni upanga, Gody. Piga kama upanga."

"Dada, upanga uko wapi?" Gody akamcheka. "Mimi naona mianzi. Watoto wa Musoma wanataka medali, hawataki kuinamia miti."

Wenceslaus akachoka nao. "Mtapigana Bunda, kwenye ukumbi usio wa mtu. Atakayeshinda achukue funguo."

Tukajaa Bunda siku hiyo, we acha tu! Nusu ya Nyasho ilifunga biashara. Na kutoka Butiama akaja bibi yake Robi, Bibi Yuliana, na kitenge chake kipya, akaketi mbele kabisa, mimi ubavuni kwake. Waamuzi walikuwa Wenceslaus na wawili kutoka Mwanza.

Gody alianza. Mguu mwepesi yule! Akagonga mkono wa Robi, to! Bendera juu. Robi akatulia, akamsubiri, akampata ubavu. Sasa wako sare, pointi moja kwa moja.

Ndipo Robi akaingia. Sijui nikuelezeje. Hakukimbia. Alikwenda kama mtu anayejua mlango uko wapi, akapiga ukelele, fimbo ikashuka katikati ya kofia ya Gody. Bendera tatu juu!

Bibi Yuliana akasimama. Vigelegele! Halafu akaita, kama wanavyoitanaga kwenye ukoo wao mtu akifanya jambo kubwa:

"Robi wa Masatu! Umelala au umeamka?"

Na kwao ukiitwa hivyo huwezi kukaa kimya. Asiyeitika amekataa baraka. Robi akageuka, akaruka juu na kofia lake, fimbo hewani:

"Nimeamka, bibi! Alale nani?"

Nikashika kichwa. Maana kanuni ile hata mimi wa chapati naijua, Robi mwenyewe huwafokea nayo watoto kila wiki: ukishapiga, usishangilie, adui huenda bado anapumua. Waamuzi wakakutana katikati, wakanong'ona. Wenceslaus, uso umemshuka, akapungia bendera chini. Pointi imefutwa.

"Kwa nini?" bibi akauliza.

"Ameshangilia, bibi," nikamjibu.

"Si amemuua?"

"Amemuua."

"Sasa marehemu anasimamaje?"

Marehemu alisimama, tena mara tu walipoambiwa waendelee, akagonga kichwa cha Robi kidogo tu, kama anayebisha hodi. Bendera mbili juu, zinatosha. Shangazi zake Gody wakalipuka, wakamwita kwa majina yake yote. Gody hakugeuka. Alibaki amemwelekezea Robi fimbo, kimya, mpaka mwisho, mpaka wakainamiana.

Funguo akapewa.

Robi alivua kofia, macho mekundu, akaketi karibu na sisi. Gody akamfuata.

"Usije kunicheka," Robi akasema.

"Nicheke nini? Fimbo yako ingekuwa upanga, saa hizi shangazi zangu wanapika chakula cha msiba." Akazigeuzageuza funguo mkononi. "Yale ya kale... Alhamisi yaendelee. Uyaongoze wewe."

Robi akamtazama. Taratibu lile tabasamu la kuuzia samaki likamrudia.

"Siwezi kuongoza. Mwalimu ni wewe. Na kwenye ya kale, mwalimu anafanya nini?"

Gody akafumba macho. "Anakufa."

"Kila Alhamisi, kaka."

Ndivyo ilivyo mpaka leo, njoo uone. Siku ya kwanza bibi alitoka Butiama makusudi. Gody akashambulia, Robi akamkata, upanga wa mti ukasimama unywele mmoja juu ya kichwa chake. Nikamwona bibi anavuta pumzi ya kuita, nikamshika kitenge.

"Bado, bibi. Ngoja wainamiane."

Akangoja, mashavu yamemjaa. Wakarudi nyuma, wakashusha panga, wakainamiana.

"Robi wa Masatu!"

Ukumbi mzima ukaitika pamoja na Robi, na marehemu ndiye aliyepaza sauti zaidi.