Mkono wa Usukani wa Bisimwa

Rotuli ilikuwa imegoma. Uthmani alikwisha kufungua nati yake, ameinyunyizia mafuta, ameigonga kwa nyundo mbili, moja huku na moja huku, tangu asubuhi hadi jua likapita utosini, nayo imekaa palepale kama imezaliwa na gari lile. Rotuli ni kifundo kidogo tu kinachounganisha fimbo ya usukani na mkono wa chuma ulio ndani ya gurudumu. Ikichakaa, gari huyumba. Ikiganda kwa kutu, fundi hujuta kwa nini hakufuata biashara ya vitenge.

Ilikuwa Ramadhani, na mate ya Uthmani yalikuwa yamekauka kabisa. Mwenye gari, Bisimwa, alikaa kando juu ya tairi bovu, naye hajala. Mkristo yule wa Bukavu, aliyekimbilia Gitega kwa sababu ya vita miaka ile uhuru ulipokuwa bado mchanga, alikuwa na adabu zake: mbele ya rafiki aliyefunga, hata maji hagusi.

"Ndugu, mi sikusukumi," Bisimwa alisema. "Lakini mawese iko tayari nyumbani, na Marceline anangoja na mtoto. Leo tulale Karuzi, kesho mapema tuwe kwa soko ya Muyinga."

"Itatoka," Uthmani alijibu.

Ingetoka zamani kama angevuka barabara. Ng'ambo ilikuwa gereji ya mzee Bagalwa, na ukutani mwake ilining'inia arashi, chombo chenye makucha mawili na skrubu katikati, kinachong'oa rotuli pole pole bila kelele. Lakini Uthmani alikuwa fundi wa Bagalwa kabla hajafungua gereji yake, na siku ya kuondoka aliropoka mbele za watu kwamba kwake mambo yatakwenda bila arashi ya mzee yeyote. Maneno yale yalimchekesha kila mtu mtaani. Sasa yalikuwa yamemkaba yeye mwenyewe.

Kwa hiyo akawasha shalimo, bomba la moto wa gesi. Akauelekeza moto kwenye mkono wa chuma hadi ukawa mwekundu, akagonga mara moja, na rotuli ikaruka nje. Bisimwa akapiga makofi.

Hapo ndipo mkono wa Uthmani ulipofanya jambo ambalo kichwa chake hakikuutuma. Baba yake alikuwa mhunzi kule Nyarusange, mfua majembe, na jembe likitoka motoni hutumbukizwa majini ili liwe gumu. Uthmani alikulia katika mvuke ule. Akachukua kopo la maji, akayamwaga juu ya chuma chekundu. Kikalia shaa, na kwa nukta moja alifurahi kama mtu aliyerudi kwao.

Kisha akakumbuka. Jembe ni jembe. Chuma cha usukani kikitiwa maji kingali chekundu hukakamaa, kikawa cha kuvunjika tu. Bagalwa alimwambia hivyo mara nyingi, tena kwa matusi. Akainama kutazama. Karibu na tundu palikuwa na mstari mwembamba, mwembamba kama unywele.

Huenda ni mkwaruzo, alijiambia. Akachovya kidole kwenye grisi, akapaka juu ya mstari, na mstari ukapotea. Akafunga rotuli mpya, akarudisha gurudumu, akashusha jeki. Bisimwa akamkumbatia kwa mikono yote miwili, akaondoka akipiga honi hadi kona ya msikiti.

Jioni ile uji haukupita kooni. Mkewe, Hidaya, aliongeza sukari, akaongeza na ndimu, mwisho akauliza kama anaumwa. Akasema amechoka. Usingizi nao ukamkataa. Kila akifumba macho aliona mteremko, na gari limejaa mapipa ya mawese, na usukani unazunguka bure mikononi mwa Bisimwa. Alijiona mwongo, mtu duni, tena mjinga wa kuuza uhai wa rafiki ili asivuke barabara.

Alfajiri akaivuka. Bagalwa alikuwa anafungua mlango wa gereji.

"Mzee, naomba arashi. Na ule mkono wa usukani wa gari bovu lililoko huko nyuma, la aina ile ya Bisimwa."

Bagalwa akauacha mlango. "Uliutia maji?"

"Niliutia."

Uthmani alijiandaa kutukanwa, na kusema kweli aliyatamani yale matusi. Mzee hakutukana. Alikwenda nyuma, akaufungua mkono ule kwenye gari bovu, akauleta pamoja na arashi. "Enda haraka," akasema tu.

Gari la kwanza kuelekea Muyinga lilikuwa lori la bia. Uthmani, na kofia yake ya kufumwa, alipanda juu ya makreti, na abiria wenzake wakamtania kwamba leo haji ameamua kufuturu mapema. Alijaribu kucheka. Kwa kuwa alikuwa safarini, dini ilimruhusu kula, lakini aliona hana uso wa kupokea ruhusa ya Mungu siku ile, akaendelea kufunga. Njia nzima alichungulia mabondeni. Kila kitu chekundu chini huko, rangi ya gari la Bisimwa, kilimshtua, kumbe ni udongo, au nguo iliyoanikwa.

Alifika Muyinga alasiri, koti zima limejaa vumbi. Gari la Bisimwa lilikuwa limesimama kando ya soko, zima, na Bisimwa anapima mawese huku Marceline anajibizana na wateja. Uthmani akashuka kwenye lori. Alhamdulillahi, alisema, akasema tena.

"Fundi," Bisimwa aliita alipomwona. "We unafanya nini huku?"

"Nimekuja kuangalia ile kazi." Ndivyo ulimi ulivyochagua.

Bisimwa akageuka kwa Sefu, fundi wa pale sokoni, na kwa watu waliokuwa karibu. "Mnaona mutu? Iko amefunga, na anafuata kazi yake toka Gitega mpaka Muyinga. Nani kati yenu anaweza? Huyu mi nampatia gari hata nikifumba macho."

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Uthmani akaingia chini ya gari haraka, kwani sifa zile zilikuwa zinamuunguza. Arashi ikang'ata, skrubu ikazunguka, rotuli ikatoka bila kelele. Akafungua bolti za mkono wa chuma. Begi lilikuwa wazi pembeni yake. Angeweza kuficha ule mbovu humo, akafunga ule mwingine, akarudi Gitega na jina lililonenepa. Hakuna ambaye angejua.

Nje alisikia Bisimwa bado anamsifu. Alitoka chini ya gari na mkono mbovu, akauweka juu ya jiwe mbele ya wote, akaugonga mara moja kwa nyundo ndogo, bila nguvu. Ukavunjika vipande viwili.

Uthmani akaeleza hadi mwisho: moto, maji, ule mstari, grisi.

Bisimwa akachuchumaa, akaokota kipande kimoja. "Wakati ulikuwa unapaka grisi, ulikuwa umekwisha kuona?"

"Nilikuwa nimeona."

"Marceline alikaa mbele na mi. Mtoto juu ya magoti yake."

"Unisamehe, ndugu. Niliona haya kwenda kwa Bagalwa."

Bisimwa alikigeuza kile kipande, akakigeuza tena. "Bon," alisema. "Asante ya kuja kuniambia." Akanyanyuka, akaitoa spana mkononi mwa Uthmani, taratibu, bila kumpokonya, akampa Sefu. "We utanifungia ile ingine."

Sefu akaingia chini ya gari. Uthmani akakaa kibarazani mwa duka, mikono yake haina kazi, hadi muadhini akaadhini magharibi.

Miaka yote, Ramadhani ikiwakuta pamoja, yeye na Bisimwa walikula sahani moja. Waligombania mkia wa samaki, mwenye bahati akaupata, mwingine akanuna kwa utani. Jioni ile Bisimwa alikuja ameshika sinia kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Uji ulikuwa katika kikombe kipya, tende katika kisahani safi, na birika la kunawa lilikuwa pembeni. Vyote vilikuwa vya mtu mmoja.

"Karibu, Bwana Uthmani," alisema kwa upole kabisa, akarudi kukaa na mkewe.

Uthmani akajimiminia maji, akanawa.