Barua Kabla ya Sabato

Ijumaa hiyo Elda Obadiah, mzee wa kanisa letu, alifika saa kumi na moja na nusu jioni, amevaa lile koti la kijivu analovaa mazishini, bahasha mkononi. Nilikuwa nimeketi kizingitini pangu nikimnyonyesha Nyamusi. Alinipita kama mtu anavyompita mbwa wa jirani bila kujua kama anauma, akaingia nyumba kubwa, ya Esnah. Hata dakika mbili hazikuisha, nikaitwa.

Mimi ni mke wa pili wa Okemwa. Alinioa miaka mitatu iliyopita, akapeleka ng'ombe kwa baba yangu kule Nyamira, na watu wakala wakashiba. Esnah ndiye wa kwanza. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenipikia uji. Hatukupendana, lakini tuliazimana chumvi. Hiyo chumvi ilikatika mwaka huu, Okemwa alipoingia darasa la ubatizo. Mchungaji alimwambia wazi kwamba kanisa halimbatizi mwenye wake wawili. Abaki na wa kwanza, huyo wa pili aende, ndipo jina lake liandikwe. Na ubatizo ulikuwa kesho yake mchana, siku ya kufunga makambi, ile mikutano ya kanisa ya kila mwaka, kule mtoni.

Sebuleni kwa Esnah maandalio yalikuwa yamekamilika. Viatu vya watu wote viling'aa ukutani kwa mstari. Ndizi na mboga za chinsaga vilishapikwa, vimefunikwa, maji yamejazwa mpaka kwenye sufuria ndogo. Jua likishazama Ijumaa, kwetu hakuna kupika, hakuna kuteka maji, hakuna shughuli ya dunia mpaka lizame tena Jumamosi. Elda alikuwa amevua saa yake na kuilaza mezani.

"Leo linazama saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili," akasema. "Binti yangu, tusiwe na maneno mengi. Wewe ni mtu wa masomo. Weka sahihi hapa, kesho asubuhi karani aisome mbele ya kanisa, na Ndugu Okemwa aingie majini."

"Masomo ya gumbaru," Esnah akasema. "Anakaa kwenye madawati ya watoto pale Mosocho, magoti yanagusa kidevu."

Elda akacheka kidogo. Okemwa hakucheka. Alikuwa ameketi pembeni, mikono katikati ya mapaja, kama mgonjwa anayengoja kuitwa ndani.

Nikaisoma ile barua. Ilikuwa imepigwa chapa vizuri. *Mimi, Kwamboka, nimeamua kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu yeyote, kuondoka katika boma la Okemwa. Mtoto Nyamusi atabaki kwa baba yake ili alelewe katika njia ya Bwana.*

Nilirudia pale kwenye jina la mtoto. Nyamusi alikuwa begani kwangu, anacheua maziwa, hajui kama ameandikwa.

"Elda, mtoto huyu bado ananyonya."

"Atakunywa uji," Esnah akasema. "Wangu wanne walikunywa uji. Job yuko Nairobi sasa, anavaa tai."

"Nani ameandika kwamba ninaondoka kwa hiari?"

"Ni lugha tu ya barua," Elda akasema. "Ndivyo zinavyoandikwa."

Lugha tu! Baba yangu hajaenda shule, lakini hilo angelielewa kuliko mimi. Kwetu mke aliyeondoka mwenyewe hana mahali pa kusimama akamdai mtoto. Aliyefukuzwa, wazee wa pande zote mbili wataketi, na aliyemfukuza ataulizwa kosa lake ni nini.

"Sijaamua kuondoka," nikasema. "Nikiandika hapa nimeamua, nitakuwa nimesema uongo. Uongo huo usomwe kanisani siku ya Sabato?"

"Usinifundishe amri za Mungu, wewe mwanamke!" Ubinti wangu ulikuwa umeisha. "Hukuziangalia amri ulipoingia kwenye ndoa ya mwenzako."

"Niliingia mchana, Elda. Nawe ulikuwepo, ulikula nyama."

Esnah akapiga meza, saa ikaruka.

"Msikilizeni! Miaka ishirini na miwili nimefunga na kuomba kwa ajili ya huyu mwanamume. Alikuwa akirudi kutoka Suneka amelewa, namvua viatu naomba. Wanawake wa Dorkasi kanisani wananiuliza, Mama Job, ombi lako vipi? Lini? Leo Mungu wetu Nyasae amejibu, na wewe, kitoto cha juzi, unakaa mlangoni mwa mbinguni kama askari wa lango, unauliza watu barua imeandikwaje!"

Machozi yalikuwa yakimtoka, na hayakuwa ya kuigiza. Nilimwonea huruma, kweli. Mimi pia ninamwomba Mungu huyo huyo, nikiwa benchi la nyuma, ambako hakuna anayenisogelea. Lakini huruma yangu haikufika mpaka kwa mtoto.

"Mama Job, sijamfungia mtu mbingu," nikasema. "Andikeni ukweli, nami nitaweka sahihi sasa hivi. Andikeni kwamba Okemwa ananiondoa ili abatizwe, na kwamba Nyamusi anakwenda na mama yake. Naye mwenyewe aandike kwa mkono wake. Nitafunga mizigo leo hii."

"Hakuna muda wa kuandika upya," Elda akasema, akiitazama saa. Ilikuwa kumi na mbili na robo.

"Ni mistari miwili tu. Hata sisi wa gumbaru tunaandika mistari miwili."

Esnah akageuka. "Baba Job, andika. Andika atutoke!"

Elda akaigeuza ile karatasi nyuma, palipokuwa peupe, akamsogezea Okemwa pamoja na kalamu. Okemwa akaishika. Akaandika jina lake. Akaandika *ninamwondoa*. Hapo mkono ukasimama.

"Endelea," Elda akasema.

"Amekosa nini?" Okemwa akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kitu jioni ile.

"Hajakosa. Ni utaratibu."

"Wakiniuliza amekosa nini, nitawajibu utaratibu?"

"Utawajibu wokovu!"

Nyamusi akaanza kulia. Esnah akasema nimemfinya makusudi. Nikamwambia aje amtazame mwili mzima kama kuna alama. Akasema hawezi kugusa kitu kilichotoka kwangu. Elda akapaza sauti, nami nikapaza yangu, na nyumba iliyopigwa deki kwa ajili ya Sabato ikajaa matusi mpaka dirishani. Okemwa alibaki ameshika kalamu hewani. Nje, migomba ilikuwa imeshakuwa myeusi.

"Ndugu Okemwa," Elda akasema, safari hii kwa sauti ya kuomba. "Zimebaki dakika nne. Ikiingia Sabato siwezi kupokea karatasi hiyo. Unajua siwezi."

Okemwa akaiweka kalamu chini polepole.

"Siwezi kuandika hivi kwa mkono huu," akasema, "halafu kesho niuzamishe majini."

Elda Obadiah akaitazama saa mpaka mshale ukapita, akaivaa. Akaikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha. Sikuwahi kumwona mtu akikasirika kwa utulivu namna ile. Lakini yeye ni mtu wa sheria yake, na sheria ikamwambia apige magoti. Tukapiga magoti sote wanne kwenye saruji ile baridi kuikaribisha Sabato. Elda akamshukuru Mungu kwa juma lililopita, akamwomba amkemee kila adui aliyejificha ndani ya boma. Wakasema amina. Nami nikasema amina, kwa sababu adui niliyemfikiria hakuwa mimi.

Esnah alinifuata mpaka uani. Macho yalikuwa yamekauka.

"Mchungaji anarudi kubatiza Desemba," akasema. "Safari hiyo hatutangoja Ijumaa. Tutaanza Jumatatu."

"Anzeni, Mama Job," nikasema. "Mtanikuta na mtoto wangu."

Nikaingia kwangu, nikasukuma komeo.