Zamu ya Kumweka Kimeu Macho

Kimeu mwenyewe ndiye aliyenihadithia haya, Jumapili moja baada ya ibada, msimu uliopita wa kuvuna ndengu, naye akicheka hadi akashika mbavu. Siku zake mbaya zilikuwa zimepita.

Alikuwa amerudi Katelembo kutoka hospitali, alikopandikizwa seli: zile za kutengeneza damu zilitolewa mwilini mwake zikahifadhiwa, akapewa dawa kali ya kufagia ugonjwa, kisha akarudishiwa. Seli zilishika. Usingizi ndio haukushika. Mchana alisinzia kama kuku mgonjwa, usiku akatazama mabati. Wodini wauguzi walikuwa wakimwamsha kila mara kumpima presha, na kichwa chake kilikataa kuamini kwamba sasa hawako.

"Usilale mchana," daktari alimwambia. "Kaa kwenye mwanga, tembea kidogo. Ukirudi kliniki ukiwa umechoka hivi, itabidi ubaki wodini tuangalie kuna nini."

Kile chumba cha wodini cha kukaa peke yake, cha kuongea na mke kupitia kioo, Kimeu alikiogopa kuliko ugonjwa wenyewe.

Basi mkewe Kasyoka akapeleka neno kwa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kulima. Na mwethya haujui kazi ndogo. Waligawana mchana wa Kimeu vile wanavyogawana matuta ya shamba, kila mtu na kipande chake. Kwa kuwa kinga ya mwili wake ilikuwa bado dhaifu na wageni hawakuruhusiwa kuingia, kiti kiliwekwa nje ya dirisha, na mwenye zamu avae barakoa. Atakayesinzia kazini faini yake ni sukari, kama kawaida.

Wa kwanza alikuwa Syokimau, mwenyekiti, na filimbi yake ya kuitia watu shambani. Kimeu akifumba jicho, prii.

"Mwaitu, mama yetu, nilikuwa napepesa tu."

"Pepesa haraka."

"Na nikipiga chafya?"

"Nitapuliza, halafu nikuombee."

Kufikia saa sita, mbwa wa kijiji kizima walikuwa wamejaa uani wakingoja kuambiwa kuna nini.

Jua lilipoanza kulegeza hata mbuzi, ikawa zamu ya Makau. Huyu ni rika la Kimeu, katibu wa mradi wa maji, na maongezi yake hayana mlima wala mteremko. Alianza na mkutano wa kwanza wa bomba. Nani alifungua kwa maombi. Nani alichelewa, na alitoa sababu gani. Kimeu alihisi kope zikimshinda, akajua ameisha: atalala sasa, usiku akeshe, na kliniki ni kesho kutwa.

Kisha maneno yakakatika. Kimeu akachungulia. Kidevu cha Makau kilikuwa kifuani, barakoa ikipanda na kushuka.

Usingizi wote ulimtoka Kimeu. Tangu augue, watu walikuwa wakimlinda yeye. Leo alipata wa kulinda.

"Makau."

"Mm. Bomba la inchi mbili."

"Umelala."

"Nafikiria."

"Unafikiria kwa kukoroma?"

Alasiri yote akafanya kazi hiyo, akigonga dirisha kwa fimbo. Makau akihamishia kiti kivulini, Kimeu naye alihamia dirisha lingine. Syokimau aliporudi jioni akauliza nani amelala, Kimeu alinyoosha kidole tu.

"Kilo mbili," akasema Syokimau.

"Lakini mimi ni wa kamati."

"Basi tatu."

Usiku huo Kimeu alikula vizuri, akalala kabla mlango haujafungwa. Hapo tabu ikamhamia Kasyoka. Alishazoea kumsikia akijigeuza na kuguna. Kimya hiki kilimtisha. Akaweka kiganja chini ya pua ya mumewe. Hakutosheka.

"Baba Musili. Umelala?"

"Nilikuwa."

"Haya, sawa. Nilitaka kujua."

"Sasa umejua?"

Kasyoka alikuwa ameshaanza kukoroma, mkono wake bado kifuani kwa mumewe. Kimeu alilikodolea giza, akingoja yale macho makavu ya kila siku. Hayakuja. Ulikuja uchovu mwingine, wa mtu aliyeshinda kazini. Akataka kumwambia mkewe kwamba safari hii watakwenda kliniki na kurudi pamoja, lakini hata neno la tatu hakulifikia, akawa amelala.