Shuka la Cyprian

Mwanangu Cyprian ana miaka mitano, na tangu aanze kutambaa hakuna aliyeweza kumkumbatia, hata mimi niliyemzaa. Ukimgusa anaruka utadhani kamwagiwa maji ya moto. Sufuria ikianguka anaziba masikio na kugonga kichwa ukutani. Tuliyoambiwa na watu sitayasimulia, maana nitaishia kutukana.

Hospitali walituelekeza kwa dada mmoja anaitwa Hope. Kazi yake ni kumzoesha mtoto wa namna hii kuvumilia mguso, kelele na chakula, taratibu, kwa michezo. Kituo chake kiko Goba, juu kilimani, chumba kimya chenye magodoro na bembea. Siku moja alimlaza Cyprian kwenye shuka zito jeupe, akamviringisha, akawa anamkandamiza na mto kuanzia mabegani hadi miguuni. Nikasubiri mayowe. Mtoto akashusha pumzi, akafumba macho. Hope akaniashiria nimchukue. Nikampakata ndani ya shuka lake kama kichanga, naye akalaza kichwa kifuani kwangu. Nililia mpaka nikaona aibu.

Tatizo likawa kurudi. Sisi tumepanga chumba Vingunguti, nyumba ya vyumba saba vinavyotazamana kwenye korido moja. Kutoka Goba mpaka kwetu, honi na nyimbo za singeli za njiani zilikuwa zimeshafuta kila kitu. Tulifika mtoto anajing'ata mikono. Hope akatuambia tuchague: tuendelee Goba, au yeye awe anatufuata nyumbani, kwa sababu mwisho wa yote mtoto ataishi nyumbani, si kilimani. Mume wangu Kornelio anachonga vinyago, na anaamini kila kitu huchongeka ukikaa nacho karibu. Alitaka nyumbani.

"Baba Cyprian," nikamwambia, "nyumba hii haina siri. Ukikohoa, chumba cha saba wanakupa pole."

Akacheka, akasema majirani zetu si watu wabaya. Na kweli si wabaya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Hope alikuja Jumamosi na shuka lake. Tukafunga mlango, dirisha tukaliacha wazi kwa sababu ya joto, tukashusha pazia. Akamviringisha Cyprian, akaanza kumkandamiza huku akimwimbia kwa sauti ya chini. Kwa jicho la mpita njia, sikatai, alikuwa mgeni anayemnong'onezea mtoto aliyefungwa shuka jeupe. Bi Somoe wa chumba cha pili alichungulia, akaelewa alivyoelewa: mtoto anapungwa pepo, na wazazi wake wameachwa na mzigo wao peke yao. Roho yake haikumruhusu. Akakimbilia chetezo.

Moshi wa udi ndio uliotangulia kuingia. Akafuata Bi Somoe, na nyuma yake Bi Kokushubila, mlokole wa chumba cha mbele, ambaye miaka yote alikuwa akiupitia udi ule ameziba pua. Leo alikuwa amenyoosha mkono, anakemea kwa jina la Yesu. Waliobaki walipiga makofi, mmoja akageuza ndoo ngoma. Sijawahi kuona nyumba ile ikipatana namna ile. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakupanga Vingunguti.

Hope alijaribu kuwaeleza, hakusikika. Mimi nilipowasukuma walidhani ni uchungu wa mama. Wakanishika mikono kwa upole, wakaniambia nijikaze, anakaribia kutoka.

Mwanangu alikuwa ndani ya shuka, mikono imebanwa, hawezi hata kuziba masikio. Hope alipofanikiwa kumfungua, alikuwa amejikojolea na ulimi unatoka damu. Alikuwa kimya kabisa. Akina mama wakapiga vigelegele.

"Katoka," alisema Bi Somoe, machozi ya furaha yakimtiririka.

Wiki iliyofuata tulirudi Goba, chumba kilekile, kimya kilekile. Hope alipokunjua shuka, Cyprian akapiga yowe, akajificha chini ya meza, na huko akakaa mpaka muda wetu ukaisha. Tumejaribu blanketi, tumejaribu khanga yangu. Hataki kitu chochote kimzunguke, na mikono yangu ni mojawapo. Hope anasema tusikate tamaa, tutaanza upya kwa njia nyingine, ila asitudanganye, itachukua muda mrefu. Kornelio huenda kuchonga, hurudi, hukaa.

Nilishaandaa maneno ya kumwambia Bi Somoe, tena makali. Jana asubuhi akanikuta bombani na sahani ya maandazi aliyomkaangia Cyprian, anayemwita mjukuu wake, eti sasa ametulia atakula. Akaniuliza anaendeleaje.

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Anaendelea vizuri. Tunashukuru."

Nikaingia ndani na sahani. Cyprian alikuwa kwenye kona ya kitanda, ananiangalia mikono. Nikaiweka sahani sakafuni, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango, ndipo akashuka kuchukua.