Mikaratusi Miwili Ng'ambo ya Ziwa

Uwamwezi alipokuwa bado anaishi Bukavu, alizoea kumbeba mwanawe Hirwa hadi ukingoni mwa ziwa, akamwonyesha upande wa Kamembe, Rwanda. Huko ng'ambo mikaratusi miwili mirefu ilisimama peke yake.

"Unaona miti ile? Pale ndiyo kwetu."

Kisha vita vikaja. Watu walikimbia ovyo, na mkono wa mtoto ukachomoka mkononi mwake. Alirudi Rwanda bila yeye, akajenga chini ya miti ileile, akangoja. Miaka ikapita. Majirani walimshauri akubali yaishe, alikataa katakata.

Miaka minne iliyopita akaja Christelle, agronomu, afisa kilimo wa serikali, pamoja na watu wa misumeno. Amri ilikuwa ufukwe urudishiwe mianzi: mikaratusi inakausha ardhi, nyumba nazo zisogee juu. Uwamwezi hakuwa na la kubisha, maana kila mvua aliuona udongo ukiteremka ziwani. Nyumba aliitoa. Miti akaipigia magoti.

"Mwanangu, niachie hata moja. Mutoto wangu atanitafuta na hiyo."

"Maman, nikikuachia wewe, bengine nitabaambia nini?"

Christelle alisema hivyo huku akifuta macho, lakini misumeno haikusimama. Wiki hiyohiyo Uwamwezi aliitwa kupanda mianzi pamoja na wenzake, akaipanda vizuri, kwa kuwa kupanda vibaya hakujui. Ikashika, ikastawi haraka.

Juzi Twahiru, mvuvi aliyehamia hapo karibuni kutoka Bugarama, alimpelekea bakuli la sambaza, samaki wadogo wa ziwani. Akapiga soga kidogo.

"Maman, nimekutana na muntu wa ajabu. Ametoka Bukavu na mutumbwi, mwanaume mukubwa, anatafuta makalitusi mbili pembeni ya maji. Eti kwao ni pale."

Uwamwezi akaliweka chini bakuli la samaki.

"Ukamwambia nini?"

"Nikamuambia huku hakuna, ni mianzi tu. Akaangalia sana, akasema, 'Basi nilikuwa naota.' Akarudi."

"Jina lake?"

"Sikumuuliza, Maman. Kwani ni nani?"

Uwamwezi aliteremka mbio, bila viatu, akimwita Hirwa kwa sauti yote aliyokuwa nayo, hadi kwenye mianzi aliyoipanda mwenyewe. Ilikuwa imefunga kabisa. Hata ziwa hakuliona.