Valens Anapita Dakika ya Hamsini na Mbili

Kila Jumamosi, kabla ya kuwasha jenereta, Zéphyrin alifuta ubao wake kwa kitambaa chenye maji, akaandika upya filamu tano ambazo mtu mwenye akili hapaswi kufa bila kuziona. Kibanda chake kilikuwa Rubaya, kwenye njia wanayoshukia wachimbaji wakitoka kilimani, na kazi zake zilikuwa mbili: kuchaji simu za watu na kuwajazia filamu. Kuchaji, alikuwa akisema, hata mbuzi anaweza kufundishwa. Kupendekeza filamu ni kipaji.

Na kipaji alikuwa nacho, tusimnyime haki yake. Alitoka Kibua, kule Walikale, akiwa mbeba mizigo. Goti likamkatalia, akakaa chini, akaanza kutazama. Alitazama miaka kumi na mmoja. Mchimbaji akija na matope mpaka kwenye nyusi, Zéphyrin alimchungulia macho tu. "Weye leo usiangalie vita," alimwambia. "Kamata hii ya fundi wa saa na muke wake kiziwi. Utalia, kisha utalala muzuri." Mtu alilia, akalala vizuri, na kesho yake alipita kushukuru.

Kilima kile kilikuwa na desturi ya kuangukia watu. Mwaka huu kilianguka tena mwezi wa pili, na siku ya tatu Libérata, muuza viazi vitamu vya kuchemsha hatua kumi kutoka kibandani, akaanza naye kupendekeza filamu. Libérata hakuwahi kutazama filamu hata moja. Simu yenyewe hana. Lakini alipokuwa akimfungia viazi vyake Mukasine, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa waliofukiwa, alimwambia: "Mama, angalia ile ya bwana-arusi mwenye kupotea. Mutoto wako anapita mule, nyuma ya kanisa." Mukasine akaenda kwa Zéphyrin, akaomba filamu hiyo, akaitazama palepale amesimama. Nyuma ya kanisa mwanawe alitokea na gunia begani, akapita, akaishia upande wa pili wa picha. Mukasine akasema njo yeye, ndiye hasa, akachukua viazi vyake, akaenda nyumbani.

Basi ikawa hivyo. Waliofukiwa, wa mwaka huu na wa miaka ya nyuma, walikuwa wakipita ndani ya filamu, nyuma kabisa, kila mmoja na gunia lake. Watu wa mbele waliendelea kubusiana au kupigana risasi bila kugeuka. Zéphyrin hakuwa na ugomvi na hao wafu. Kilichomuuma ni kwamba hakuna aliyesoma ubao tena. "Miaka kumi na mmoja ya macho yangu," alilalamika, "na leo muuza viazi njo mutaalamu!" Alidhani huo ndio wivu. Maskini, alikuwa hajaujua wivu bado.

Jumanne moja mkewe Francine akaja kibandani. Katika miaka sita ya ndoa Francine hakuwahi kuomba filamu. Zéphyrin alikuwa amempendekezea zaidi ya arobaini, zile tamu kabisa ambazo hata wateja aliwaficha, na kila mara Francine alifika dakika ya kumi, akasinzia. Siku hiyo alimnyooshea simu.

"Papa, uniwekee ile ya mama mwenye kungojea barua pa gare ya treni, mu theluji."

"Ile nilikupatia mwaka jana. Ulilala."

"Sasa sitalala."

Aliiweka kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa furaha, akijisemea kwamba hatimaye mke amekomaa. Saa kumi alirudi nyumbani kuona kama ameipenda. Alimkuta uani amekaa kwenye kigoda, amejipaka mafuta usoni, amevaa kitenge cha Jumapili. Akachungulia juu ya bega lake. Dakika ya hamsini na mbili, mama wa barua alipokuwa akipuliza vidole kwa baridi, alitokea nyuma yake Valens Nzabonimpa, mume wa kwanza wa Francine, aliyefukiwa kilimani miaka minane iliyopita. Alikuwa na buti zake za mpira na gunia begani. Alipita kwenye theluji taratibu, kama mtu anayejua njia bado ni ndefu.

"Pole," Francine aliiambia simu.

Akarudisha nyuma, akatazama tena. "Pole, Valens."

Miaka sita Zéphyrin alikuwa akirudi nyumbani akichechemea. Maji ya kunawa alipewa, chakula alipewa, heshima alipewa. Pole ya namna ile, iliyotoka tumboni, hajawahi kuipata hata siku moja.

Kumwonea maiti wivu ni aibu ya peke yake. Huwezi kumpiga, huwezi kumshtaki kwa wazee, na ukimsema vibaya ni dhambi. Zéphyrin alijiona amekuwa mke mwenza, tena yule mdogo. Siku ya pili akachukua simu ya Francine kuichaji, akaifuta filamu. Libérata akamtajia Francine nyingine, ya wapishi wa hoteli, na Valens akapita nyuma ya jiko. Francine hakuuliza ile ya kwanza ilikwenda wapi. Aliomba tu arudishiwe, naye akairudisha.

Akamwendea Libérata.

"Mama, huyu muntu atatoka mu filme namna gani?"

"Kama ameandikwa mu kitabu," alisema Libérata, akichoma kiazi kwa kijiti kuona kama kimeiva. "Mwenye kuandikwa hapiti. Mwenye kuwa na kaburi hapiti. Hawa, wakubwa wa shimo walisema hawakukuwa mule. Basi wako natafuta nafasi ya kuwa."

"Na mimi? Siku nitakufa, nitapita mu filme gani?"

Libérata alilitazama goti lake bovu. "Weye utakufia mu kitanda, Papa Zéphyrin. Padri atakuandika muzuri. Hautapita nafasi yoyote."

Alipaswa kushukuru. Akaondoka amenuna.

Kesho yake alivaa shati safi, akaenda na simu kwenye ofisi ya shimo, kwa karani aliyeitwa Polycarpe. Alitaka Valens aandikwe. Mtu yeyote aliyemwona angesema huyu ni mwanamume mwenye huruma. Polycarpe naye alikuwa mtu wa adabu: alitazama mpaka dakika ya hamsini na mbili, akasimamisha picha, akaikuza kwa vidole viwili.

"Gunia iko yetu," alisema. "Hii etiketi ya rangi ya machungwa, ni miye mwenyewe niliifunga."

"Na muntu?"

"Muntu, simujue. Kitabu inasema siku ile hapakukuwa muntu mu shimo."

"Sasa gunia ilitoka namna gani?"

Polycarpe alifikiri kwa haki kabisa. "Gunia nitaiandika," alisema, akafungua kitabu, akaiandika.

Lilibaki kaburi. Kwao Kibua mtu akipotelea mtoni au msituni, asipatikane, wazee hukata mgomba wa urefu wake, wakauzika mahali pake, na wafiwa wakatulia. Zéphyrin alimweleza Francine jambo hilo kwa sauti ya mtu mwema. Francine akamshika mkono, akaubana. Tangu waoane hajawahi kumbana mkono namna ile, na hata hapo alijua kwamba ni kwa ajili ya yule mwingine.

Wakaenda Kibabi, kwenye shamba la ukoo wa Valens. Wakakata mgomba. Francine akatoa shati la Valens alilolibeba toka chini ya sanduku, la mistari ya kijani, ambalo Zéphyrin hakujua kwamba limekuwa likilala nyumbani kwake miaka yote sita. Wakauviringisha mgomba kwa shati hilo. Katekista akasali. Zéphyrin alichimba mwenyewe, na goti lake hilohilo, akakataa kupokewa jembe. Alichimba kina kirefu kuliko desturi, wakauzika.

Alhamisi walikuwa wamerudi Rubaya. Wakakaa uani pamoja, Francine akafungua filamu. Zéphyrin alikuwa na hakika kwamba theluji itakuwa tupu. Dakika ya hamsini na mbili ilifika, mama wa barua akapuliza vidole, na Valens akatokea. Bega la kulia lilikuwa na gunia. La kushoto lilikuwa na mgomba, umeviringishwa kwa shati la mistari ya kijani. Alikwenda polepole kuliko siku zote. Dakika ya hamsini na tatu ilimkuta bado hajamaliza kupita.

Francine hakulia. "Umemuongezea muzigo," alisema.

Zéphyrin alitafuta uongo, akaukosa. "Nilikuwa na wivu."

"Najua. Hata pale Kibabi nilijua." Akafuta kioo cha simu kwa pindo la kitenge. "Sasa weye njo mwenye kujua filme. Libérata anajua tu kwenye wanapita. Utafute moja yenye kuwa na kiti."

Hilo ndilo ombi alilolingojea miaka sita: mkewe amwombe yeye, kwa kipaji chake, filamu ya kumfaa. Alifunga kibanda siku mbili, akatazama filamu zake zote upya, safari hii akiangalia nyuma tu. Viti vingi vilikuwa na watu. Penye kiti kitupu, picha ilikatika upesi. Mwishowe akaipata moja ya zamani, inayochosha, ambayo hakuwahi kuiweka ubaoni: ndugu wawili wanagombania mbwa bustanini, dakika tisa picha haisogei, na nyuma yao kuna benchi.

Dakika ya tatu ya ugomvi Valens alikuja. Akaliona benchi. Akakaa. Gunia hakulitua, alilishika begani vilevile, na mgomba akaulaza mapajani. Alikaa dakika sita nzima, akipumua. Francine aliinama karibu kabisa na simu. Zéphyrin alimshikia ili asichoke mkono. Mkono wake mwenyewe ukamchoka, na hakuna aliyemwambia pole.

Jumamosi akaiandika filamu hiyo ubaoni, namba moja. Wateja walinung'unika kwamba ni ndefu na mbwa mwenyewe haonekani. "Muangalie nyuma," aliwajibu. Wakaangalia nyuma. Libérata mwenyewe akaanza kuwaelekeza kwake. Mwana wa Mukasine akaja na gunia lake, akamkuta Valens, akasubiri. Kufika Jumapili benchi lilikuwa limejaa, na wengine wamesimama kwenye nyasi wakipanga mstari mpaka nje ya picha. Valens alikuwa amempisha kijana wa Mukasine, naye sasa alisimama, gunia huku, mgomba kule.

Jumatatu Polycarpe alikuja kuchaji simu. Akasikia sifa za filamu, akaitazama mpaka mwisho, akasema kweli ni nzuri. Akaomba kalamu, akairudisha filamu nyuma, akaandika magunia, arobaini na matatu, moja baada ya jingine, na alipomaliza akashukuru, akaenda zake.

Jioni Francine alipita kibandani. Hakukaa.

"Amesimama," alisema. "Utafute ingine, yenye viti vingi."

Roho ilimuuma Zéphyrin vilevile kama siku ya kwanza. Akalowesha kitambaa, akafuta ubao, akaanza kutafuta.