Ukuta wa Chumba Namba Nne

Krrr, krrr, krrr, tuk. Krrr, krrr, krrr, tuk.

Bibi Buasi alilisikia begi kabla hajamwona mwenye begi. Alikuwa ghorofani, chumba namba nne, kopo la rangi mkononi, akatega sikio. Zamani wageni walikuja kimya, ndala miguuni na mzigo mgongoni kama konokono, na ulikuwa unawajua kwa harufu. Siku hizi kila mtu ana begi la magurudumu, na mtaa mzima wa Chiang Khan unajua nani kafika. Mabegi ya vijana wa Bangkok hulia mfululizo kama cherehani, maana wenyewe wana haraka ya kupigana picha ukingoni mwa mto Mekong kabla jua halijawaharibia poda. Hili lilikuwa linapumzika kila baada ya hatua nne.

"Mzee," alitoa hukumu. "Yuko peke yake. Goti la kushoto bovu."

"Isije ikawa kamati!" alisema Mzee Praphan kutoka juu ya stuli, brashi mkononi.

"Kamati ije na begi, kwani inahamia? Chora, we mzee, chora!"

Praphan akachora. Alikuwa jirani yake wa miaka mingi, na tangu juzi mshirika wake katika dhambi. Dhambi yenyewe ilikuwa hivi.

Nyumba ya wageni ya Bibi Buasi ilikuwa ya mbao za msaji, vyumba sita, roshani ikitazama mto. Miaka ishirini mfululizo Wazungu wenye mizigo mgongoni waliandika kwenye kuta zake majina, salamu, michoro ya vyura. Buasi hakuweza kusoma hata herufi moja ya maneno yale, lakini aliyapenda kama mtu anavyoupenda wimbo wa lugha asiyoijua. Kisha wageni wale wakapungua, wakaja wa Bangkok wa mwisho wa wiki, wakasema kuta ni chafu. Mwanawe, Kop, akanunua rangi nyeupe, ya bei rahisi kuliko zote dukani, akafunika kila kitu kwa siku mbili. Miaka tisa baadaye watu wale wale wa Bangkok wakaanza kulalamika kwamba kuta ni nyeupe mno, hazina historia! Wakahamia kwa jirani, kwenye nyumba iliyojengwa mwaka juzi na kupigwa msasa ionekane kongwe.

Sasa alikuwapo mnunuzi aliyetaka kuivunja nyumba ya Buasi na kusimamisha hoteli ya vioo. Kop alikuwa tayari. Mama mtu hakuwa tayari hata kidogo. Alimzaa Kop ndani ya nyumba hiyo na alikusudia kufia humo, tena si karibuni. Wakapatana. Kamati ya nyumba kongwe ya mji ikiipa nyumba kibao cha shaba cha kuzuia isivunjwe, mnunuzi atakwenda zake. Isipoipa, Buasi atatia sahihi na kuhamia Bangkok, ghorofa ya kumi na saba, akalee paka wa mkwe wake. Kamati ilitaka ushahidi kwamba nyumba ililaza wasafiri wa zamani. Ushahidi ulikuwa chini ya rangi ya Kop. Kamati ilikuwa inakuja Jumamosi saa nne asubuhi, na leo ndiyo Jumamosi.

Basi Praphan, aliyechora mabango ya sinema maisha yake yote mpaka sinema ya mwisho mjini ilipogeuzwa duka la simu, alipewa kazi ya kuwarudisha Wazungu kumi na wawili ukutani. Kiingereza cha kutosha alikipata kwenye mabango. Kwanza waliusugua ukuta kwa chai na masizi mpaka ukazeeka. Buasi alikumbuka kila aliyeandika na mahali alipoandikia, shubiri kwa shubiri. Asichokijua ni walichoandika, na hilo halikumzuia.

"Yule Mfaransa mwenye ndevu, hapa juu ya kitanda. Weka: supu ya Mama Buasi iliniponya tumbo."

"Si ndiyo iliyomharibu tumbo?"

"Ilimharibu, ikamponya. Andika mwisho wa safari. Na huyu wa Australia: sijawahi kulalia kitanda kitamu namna hii."

"Kile chenye msumari?"

"Praphan!"

Praphan aliandika. Kila mgeni alimpa mwandiko wake, huyu umelala, yule umesimama, na chini ya kila mmoja akaweka mwaka, maana hati isiyo na mwaka ni porojo. Ilibaki nafasi moja tu, kando ya dirisha.

"Hapa ni pa Torben wa Denmark, aliyekaa miezi saba. Weka: Mama Buasi ndiye mcheza karata mwaminifu kuliko wote duniani."

Brashi ilisimama hewani. Praphan alikuwa amepoteza karanga za dau kwa mwanamke huyu miaka thelathini. "Buasi, hilo mkono wangu unakataa."

"Mkono wako unakula wali wangu wa kunata kila asubuhi. Andika."

Alikuwa anamalizia nukta ya mwisho pale begi lilipogonga kizingiti chini, na sauti ikaita kwa Kithai chenye kutu, "Mama Buasi! Panya wako hawajambo?"

Ngazi zililia, mguu mmoja zaidi ya mwingine. Mlangoni akasimama Mzungu mwenye kipara, goti la kushoto limefungwa kitambaa, mashavu mekundu kwa jua. Buasi alimtazama mpaka kipara kikaota nywele za njano na tumbo likarudi ndani.

"Torben? Mbona umezeeka hivi?"

"Na wewe mbona hukuzeeka?"

"Mimi nilianza mapema, nikamaliza." Kisha akakumbuka kwamba alikuwa na kinyongo naye. "Uliondoka alfajiri bila kuniaga, mtoto mwenye adabu mbovu wewe."

"Nilikuaga. Nilikuandikia ukutani, pale kando ya dirisha."

Alivaa miwani, akachechemea hadi dirishani, akasoma. Mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akakohoa.

"Haya niliyaandika mimi?"

"Nani mwingine? Jina si lako? Uzee umekuibia akili."

"Mwaka 2530?"

"Si ndio uliokuwapo?"

"Kwenu, Mama. Kwetu ulikuwa 1987. Mzungu gani wa siku zile alijua kuhesabu miaka tangu Buddha?" Alinyoosha kidole, akauzungusha ukuta mzima. "Kumi na wawili, na wote wameandika kutoka miaka mia tano ijayo."

Praphan aliitazama brashi kama kwamba ndiyo iliyokosea. "Mimi ningejuaje? Mabango yote niliyoyachora yalikuwa na mwaka wetu!"

Chini, mlango wa gari ukafungwa. Sauti ya Kop ikasikika, "Karibu, Mwalimu, angalia ngazi."

Buasi alilitupa kopo chini ya kitanda na kumkamata Torben mkono wa shati. "Sikiliza. Ukisema neno moja, nyumba hii inakuwa vioo, na mimi nalea paka Bangkok. Umenielewa?"

"Mama, ni bora ujue nilichoandika hasa, kwa sababu..."

"Baadaye!"

Kamati ilikuwa mtu mmoja tu, lakini mtu huyo alikuwa Mwalimu Orathai, mwalimu mkuu mstaafu aliyefundisha nusu ya mji na kuichapa nusu nyingine. Alikutanisha viganja, akamsalimu kila mtu kwa ufupi, akashusha miwani puani na kuanza kuufuata ukuta polepole, kama anayesahihisha mtihani.

"Mfaransa, 2530," alisoma. "Mwaustralia, 2528. Huyu 2533." Akageuka. "Bibi Buasi, nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja. Sijapata kumwona Mzungu anayeandika mwaka wetu."

Praphan alikuwa amegundua kitu cha maana sana juu ya dari.

"Ni yeye, Mwalimu," Torben alisema, akimwelekeza Buasi kwa kidevu. "Alitufundisha. Alisema ukilala nyumbani mwake, unalala katika mwaka wake."

"Nyote kumi na wawili?"

"Alikuwa mkali."

Mdomo wa Mwalimu Orathai ulicheza kidogo upande mmoja. Buasi alikuwa tayari kumwandikisha Torben kuwa mtoto wake wa kumzaa. Na hapo hapo mtoto wake wa kumzaa kweli akafungua kinywa.

"Lakini mama," alisema Kop, "ukuta huu si niliupaka rangi mwenyewe? Miaka tisa iliyopita? Ulikuwa mweupe peeee."

Kuna siku mama anatamani angefuga bata.

"Njia ya mwongo ni fupi, Bibi Buasi," alisema Mwalimu Orathai. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alinyoosha kidole, akagusa sifa za Torben kando ya dirisha.

Rangi ya Kop, ile ya bei rahisi kuliko zote, ilikuwa imeshakunywa unyevu wa mto miaka tisa, na juzi ikanyweshwa chai. Ilibanduka kama ganda la yai la kuchemsha, kipande kikubwa kama sahani, kikaanguka na kuvunjika pamoja na uaminifu wote wa Bibi Buasi. Chini yake yakatokea maandishi ya wino wa buluu, yamebanana, yameinama upande mmoja.

Mwalimu alisoma kimya. Akasoma tena. "Wewe ndiye Torben?"

"Ndiye mimi."

"Tusomee. Kwa Kithai, kwa sauti."

Torben alijikuna kipara. "Mwalimu, nilikuwa na miaka ishirini na minne."

"Soma."

"'Mwanamke huyu ni mwizi wa karata. Ree ya kopa huificha chini ya mkeka, upande wake wa kushoto. Panya wake ni wakubwa kuliko paka wake. Nimekaa miezi saba na sitaki kuondoka. Torben, 1987.'"

"Chini ya mkeka!" Praphan alipiga yowe. "Miaka thelathini mimi namkagua mikono!"

Buasi aliomba sakafu ipasuke, lakini msaji ni mti imara. Miaka yote alipita mbele ya maneno yale akiyafuta vumbi kwa upendo.

Mwalimu Orathai alitoa daftari, akaandika. "Mwaka huu nimekagua nyumba ishirini," alisema bila kuinua kichwa. "Kila ukuta unamsifu mwenye ukuta. Mtu anaweza kughushi sifa zake. Matusi yake mwenyewe, bado sijamwona aliyeghushi." Alilifunga daftari. "Kop, tafuta kisu cha lipu, ubandue rangi yote, taratibu. Kibao mtaletewa baada ya wiki mbili. Sifa hizi za juu zisibaki hata moja."

"Mwandiko lakini ulikuwa mzuri?" Praphan aliuliza kwa unyonge.

"Mzuri mno, Mzee. Wazungu hawaandiki vizuri namna hiyo."

Kop alibandua mpaka adhuhuri, jasho likimtoka, na kila sahani ya rangi iliyoanguka ilitoa neno jipya. Kitanda kina msumari. Supu ina chumvi ya bahari mbili. Bafuni kuna chura, anaitwa meneja. Buasi alimlazimisha Torben asome kila moja, akawa anatingisha kichwa: "Huyo alikuwa mwongo. Huyo naye mwongo. Huyo wa chura alikuwa msema kweli." Mchana Kop akatoka roshanini kumpigia mnunuzi simu. Alizungumza kwa ufupi, akarudi kuokota kisu chake. Mama yake alimwekea sahani ya wali na kamba wa mtoni, wale wakubwa.

Kisha Buasi akatandika mkeka roshanini, akamwaga karanga katikati, akachanganya karata. Praphan aliketi. Torben naye, huku akilinyoosha goti lake bovu, aliketi upande wa kushoto wa Buasi kwa makusudi na kuukalia mkeka kwa uzito wake wote.

Buasi alitabasamu. Aligeukia uani, kwenye kijumba cha mzimu mlinzi wa nyumba na chupa yake ya soda nyekundu ya sadaka, akaunganisha viganja kwenye paji la uso, kisha akamgeukia mgeni wake.

"Torben, mwanangu," alisema kwa sauti, mzimu na jirani wasikie, "nakuahidi mbele ya mwenye nyumba yule: leo nitakula karanga zako zote, na safari hii utarudi kwenu hujui ree ilikuwa wapi."